Mashine Kongwe ya Kukereza: Kuitafuta na Kuifufua Unguja na Pemba

Kazi ya kukereza, yaani kuchonga mti unaozungushwa na mashine, haijafa Zanzibar, na haifai kuachwa ife. Samadari haisimami bila matendegu. Roshani za Mji Mkongwe zinapukutisha vijiti vyake, na kila kinachoanguka kinataka mwenziwe wa kufanana naye. Miguu ya viti, vipini vya patasi, bakuli za mfenesi: vyote hivyo mtu anaweza kuvifanya uani kwake akiwa na mashine moja nzuri. Si lazima iwe mpya. Nathubutu kusema bora isiwe mpya, maana zile ndogo za bei nafuu zenye mgongo wa bati lililokunjwa hutetemeka mpaka patasi inaruka mkononi ukizifunga tendegu la msaji. Ya zamani ya chuma cha kusubu, ambacho mafundi wengi hukiita kasti, hutulia. Uzito wake ndio unaomeza mtikisiko.

Katika yote yanayofuata shika jambo moja: kagua kasti kabla ya kitu kingine. Mota husukwa upya, beringi hununuliwa, bushi huchongwa, rangi hupakwa. Kasti iliyopasuka au iliyoliwa na chumvi mpaka ikachimbika haina dawa ya nyumbani.

1. Jua unachokitafuta

Mashine ya kukereza ina sehemu chache, ndiyo maana naipendekeza kwa anayefufua mashine kwa mara ya kwanza kuliko msumeno wa mkanda au randa ya umeme. Kuna mgongo, yaani reli ndefu inayobeba vyote. Kuna kichwa chenye shafti inayozunguka, mkia unaoubana mti kutoka upande wa pili, kiegemeo cha patasi, na mota.

Za Kiingereza ndizo rahisi kuzitambua kwa sababu jina limesubiwa kwenye chuma chenyewe. Myford wa Beeston, Nottingham, walitengeneza ML8, mashine ndogo yenye mgongo wa bomba la mviringo, inayoenea chumba cha kawaida. Wadkin wa Leicester walitengeneza mashine nzito za viwandani. Union Graduate, iliyotengenezwa na Harrison, ilienea sana katika skuli za Uingereza, na skuli za huko zinapofunga karakana zao mashine hizo huuzwa. Kama una ndugu huko, mwambie afungue macho. Ukikuta mashine yenye kibati cha Kijerumani au cha nchi nyingine usiikimbie, ila soma kwa makini maandishi ya umeme, ambayo nitayarudia mbele.

Pima mambo mawili kabla ya kupenda sura ya mashine: urefu kati ya ncha ya kichwa na ncha ya mkia, na kimo kutoka ncha hadi mgongo. Tendegu la futi mbili na nusu linataka urefu wa inchi 30 na ziada kidogo. Kimo cha inchi 4 kinakupa mti wa kipenyo cha inchi 8 kasoro kidogo, na hicho kinatosha matendegu na vijiti vyote vya roshani.

2. Pa kuitafuta

Anza na watu. Fundi wa kusuka mota anajua kila mashine iliyolala mtaani, kwa sababu mota yake iliwahi kupita mkononi mwake. Walimu wa useremala wa vituo vya mafunzo ya amali, Mwanakwerekwe na Mkokotoni kwa Unguja, Vitongoji kwa Pemba, wanajua mafundi wazee waliofunga karakana. Wanaonunua chuma chakavu waombe wakupigie simu kabla ya kuvunja kitu chochote chenye puli na mgongo mrefu. Wao wanauza kwa kilo, na wakishaipiga nyundo imekwisha. Ukikosa visiwani, vuka Dar es Salaam uzunguke mtaa wa Gerezani kwa utulivu.

Mashine nyingi nzuri zimo katika mabanda ya mafundi waliokwishatangulia mbele ya haki. Hapo unanunua mali ya mirathi. Usimalizane na kijana aliyekufungulia mlango peke yake. Warithi wote waridhie, paandikwe karatasi, na sheha wa shehia awe shahidi. Mashine ya skuli au ya serikali nayo hutoka kwa mnada wenye risiti, na asiye na risiti usimsikilize hata kama bei yake ni ya bure.

3. Ukaguzi

Beba tochi, rula ya chuma, nyundo ndogo, chupa ya mafuta ya taa, chaki na kitambaa. Omba kwa adabu: “Mzee wangu, naomba ruhusa niipanguse kidogo niione vizuri.” Mwenye mashine akiona unaigusa kwa heshima atakueleza mwenyewe ilipoangukia.

Gonga kasti polepole sehemu mbalimbali. Chuma kizima hulia kwa sauti safi. Kilichopasuka hutoa sauti iliyokufa. Pasufa hupenda kujificha kwenye miguu ya kichwa, kwenye shingo ya kiegemeo na kuzunguka matundu ya bolti. Pakikutia shaka, pakaza mafuta ya taa, subiri kidogo, panguse pakauke, kisha sugua chaki juu yake. Kama pana ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka tena na kuchora mstari kwenye weupe wa chaki. Kiegemeo kilichopasuka kinaweza kuchongwa kipya kwa chuma cha kawaida. Kichwa au mgongo uliopasuka, shukuru uondoke.

Kisha kutu. Kutu jekundu la juu juu lisikutishe. Huku kwetu kila chuma kinavaa hilo. Tafuta mashimo. Pitisha ukingo wa rula juu ya mgongo: ukikwama kila hatua, chumvi imekwishachimba, na mkia hautateleza sawasawa tena. Mashine iliyokaa ufukweni Nungwi au Mkoani huwa na hali tofauti kabisa na iliyokaa shamba, hata zikiwa za umri mmoja.

Sasa shafti. Ishike kwa mikono miwili, uisukume juu na chini, mbele na nyuma. Mchezo mdogo ni wa beringi, nayo ni kazi ndogo. Izungushe polepole: mkwaruzo ni beringi tena, lakini ukiona ncha ya shafti inayumba, shafti imepinda, na hiyo ni gharama. Sogeza mkia mpaka ncha yake ikutane na ya kichwa. Zikibusiana katikati, mashine ni nyoofu. Zikipishana kidogo, mara nyingi ni uchafu chini ya mkia. Zikipishana sana, jiulize kama mkia huo ni wa mashine hiyo, maana mafundi wamekuwa wakichanganya vipande tangu zamani.

Angalia pia tundu la shafti. Karibu mashine zote zina tundu lililopungua kidogo kidogo kwa kipimo cha Morse. Mdomo wa karibu milimita 12 ni Morse namba 1, wa karibu milimita 17.8 ni namba 2. Namba 2 ndiyo nzuri, kwa sababu ncha zake zinapatikana kirahisi. Na hesabu meno ya uzi wa nje wa shafti kwa kila inchi, uandike pamoja na kipenyo. Graduate, kwa mfano, ina inchi moja na nusu kwa meno 6. Bila namba hizo huwezi kuagiza chaki ya kushikia mti, yaani kishikio cha chuma kinachofungwa kwenye shafti, si ile chaki ya kuandikia.

4. Bei na safari

Muuzaji ana bei moja ambayo hatashuka chini yake: ile atakayolipwa na mnunuzi wa chuma chakavu. Kadiria kilo, uliza bei ya kilo siku hiyo, uanzie hapo. Mota isiyolia ipunguze, ncha na viegemeo vya ziada viongeze, kwa sababu kuvitafuta kimoja kimoja huchosha.

Usisafirishe mashine nzima. Toa mota, mkia na kiegemeo, ufunge kila kimoja peke yake. Mahamali waishike kwenye mgongo, wasiinyanyue kwa shafti wala kwa puli. Ikiwa itavuka bahari, kwa boti au kwa jahazi, ipake girisi nzito kila mahali palipo wazi kabla ya kutoka nyumbani. Girisi hiyo inaokoa zaidi kuliko turubali.

5. Kuifungua

Piga picha kila upande kabla ya kugusa spana, kisha piga tena kila unapotoa kitu. Kila kundi la bolti liwe na kopo lake lenye jina.

Bolti zilizoganda zinataka subira. Changanya sawa kwa sawa mafuta ya gia otomatiki na asitoni, tia tone, ngoja usiku mzima, tia tena. Ikikataa, ipashe moto nati yenyewe, kisha ijaribu kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Usipige kasti kwa nyundo ya chuma: weka kipande cha mti mgumu au cha shaba katikati.

Mashine za Kiingereza za miaka ya 1950 na 1960 mara nyingi zina uzi wa Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza cha inchi, na hapa ndipo wengi huiharibu mashine iliyokuwa nzima. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina meno 12 kwa inchi, na pembe ya meno ni digrii 55. Bolti ya M12, yaani ya milimita 12, inaingia mizunguko miwili mitatu ikadanganya, kisha inakata uzi wa kasti. Ukipoteza bolti, peleka ile iliyobaki kwenye karakana ya kuchonga vyuma wakuchongee nyingine. Spana za milimita nazo huteleza na kukwangua vichwa; tafuta ya Whitworth, au tumia spana malaya nzuri iliyokazwa barabara.

6. Kuondoa kutu, na chumvi iliyo chini yake

Kazi yote hukaa au huharibika katika hatua hii. Kutu la visiwani lina chumvi ndani, na chumvi ikibaki kwenye vishimo, rangi mpya itavimba baada ya masika moja. Kwa hiyo, kabla ya kusugua chochote, osha kila kipande kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni, kwa brashi ngumu, mara kadhaa. Onja maji ya kisima chako kwanza. Visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvichumvi, usivitumie. Maji ya mvua yaliyokingwa masika ndiyo bora.

Vipande vidogo, kama nati, mikono na viegemeo, vilaze kwenye siki nyeupe usiku mmoja, si zaidi, kisha uvisugue kwa brashi ya waya. Ndimu na ukwaju, tunavyosugulia shaba, hufanya kazi ileile ya asidi, ila ni polepole. Ukimaliza, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili asidi ife, kausha hapohapo juani, upake mafuta kabla chuma hakijapoa. Chuma kilichosafishwa kikaachwa kitupu hapa kwetu huota kutu jipya ndani ya saa chache. Shafti usiitie kabisa kwenye asidi: italiwa pale beringi zinapokaa. Hiyo isugue kwa msasa laini wenye mafuta.

Kwa vipande vikubwa tumia umeme. Chukua pipa la plastiki, maji, na magadi soda meupe safi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita 4. Magadi ya kupikia makande yanafaa yakiwa safi. Kostiki ya kutengenezea sabuni haifai, inaunguza ngozi na macho. Wala usitie chumvi ya kupikia, maana itatoa gesi ya klorini. Zamisha kipande chako, zamisha pia nondo au chuma kingine chakavu pembeni bila kugusana nacho. Chaja ya betri ya gari ya volti 12: waya hasi kwenye kipande chako, waya chanya kwenye chuma chakavu. Ukigeuza, utakula mashine yako mwenyewe. Chuma chakavu kisiwe stenlesi, kwa sababu hutoa sumu ya kromiamu ndani ya maji. Fanya kazi hiyo uwanjani mbali na moto na sigara, kwani mapovu yanayopanda ni gesi ya haidrojeni, na zima chaja kabla ya kutia mkono. Kesho yake kutu limegeuka tope jeusi linalofutika kwa brashi, na chuma kizima hakikuguswa.

Rangi ya zamani iangalie kwa tahadhari. Nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Ikwangue ikiwa imelowa, usiipige msasa mkavu, na watoto wasiwe karibu.

7. Beringi

Namba imechorwa ubavuni. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zidishe kwa 5 upate tundu kwa milimita: 6205 ni milimita 25, 6206 ni 30. Chagua zenye herufi 2RS, yaani zilizozibwa kwa mpira pande zote mbili, kwa sababu ya vumbi la mti na hewa ya bahari. Mashine ya Kiingereza inaweza kuwa na beringi ya inchi, kama RLS 8 yenye tundu la inchi moja. Usikubali kuuziwa ya milimita 25 kwa maneno ya “inakaribiana”, haiingii.

Wakati wa kuingiza, laza shafti kwenye friza usiku mzima na pasha beringi kidogo kwa joto kavu, si ndani ya mafuta ya moto, maana yataharibu mpira na girisi ya 2RS. Gonga pete ya ndani tu, kwa kipande cha bomba kinachokaa juu yake sawasawa. Ukigonga pete ya nje, umeiua kabla haijazunguka. Kama mashine yako ina bushi za shaba badala ya beringi, usiwe na haraka ya kuzibadilisha. Zikilishwa mafuta kila siku ya kazi huzunguka kimya kuliko beringi nyingi.

8. Mota na umeme

Nyumba nyingi zina umeme wa laini moja, volti 230, mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine za karakana zilitumia laini tatu. Soma kibati. Kikiandika 220/380 au 230/400, mota hiyo inaweza kufungwa kwa pembetatu (mtindo wa waya uitwao delta) na kuendeshwa na inverta ya mota inayoingia laini moja ikatoa tatu. Si ile inverta ya sola. Faida yake ni kwamba utabadilisha kasi kwa kitufe. Kikiandika 415 peke yake, au 400/690, mpe fundi umeme aamue. Mara nyingi ni rahisi kununua mota nyingine ya laini moja ya kilowati 0.75, iliyofungwa yote yenye feni nyuma. Mota ya Marekani ya mizunguko 60 itazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita na kupata joto, iache.

Ukitaka kuihifadhi mota ya zamani, usiichomeke ili kuijaribu. Fundi wa kusuka aipime kwanza kwa mega, kifaa cha kupima kama umeme unavuja kwenye koili. Ikionyesha chini ya megaomu 1, koili zimeshika unyevu: ikaushwe au isukwe.

Swichi ni lazima iwe ile inayojizima yenyewe umeme ukikatika, isirudi mpaka uibonyeze. Umeme ukienda, au tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, ikikuishia katikati ya tendegu, utaiacha mashine uende dukani. Umeme ukirudi, mashine yenye swichi ya kawaida itaondoka peke yake, na huenda mtoto ameegemea. Waya uwe wa milimita 2.5 za mraba na ardhi yake iliyopimwa.

9. Kuiunganisha na kuipima

Rangi ipige kwenye kasti tupu iliyokauka: praima ya kuzuia kutu, kisha tabaka mbili nyembamba za rangi ya mafuta. Mgongo, shafti na tumbo la mkia havipakwi rangi.

Weka mashine juu ya benchi zito au sakafu ya saruji. Kabla ya kukaza bolti za miguu, angalia kama mguu mmoja unaelea. Ujaze kwa vipande vya bati la kopo la soda. Ukikaza kwa nguvu mguu unaoelea, utaupinda mgongo, na ncha zilizobusiana jana leo zitapishana.

Kasi inatokana na puli: mzunguko wa mota zidisha kwa kipenyo cha puli ya mota, gawa kwa kipenyo cha puli ya shafti. Mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika yenye puli ya inchi 2.5 ikivuta puli ya inchi 5 inatoa 720. Kipimo kinachonisaidia: kipenyo cha mti kwa inchi zidisha kwa kasi, jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Tendegu la inchi 4 lililokwisha kuwa duara linataka 1,500 hadi 2,250. Likiwa bado mraba, nusu yake. Bakuli la inchi 10 lisipite 900. Kama una inverta, usiizungushe shafti kinyume ukiwa na chaki ya kukaza kwa uzi. Itajifungua na kuruka.

Jaribu kwa mwembe au mfenesi mkavu usio na ufa. Vua kanzu, funga mikono ya shati, toa pete na saa, na glavu usivae kabisa kwa sababu zinavutwa. Vaa ngao ya uso. Ukifika kwenye mvule vaa na barakoa, vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua.

10. Kuilinda

Yeyusha nta ya nyuki ndani ya tapentaini, pakaza mgongo na shafti, sugua kwa kitambaa. Mkia utateleza na unyevu hautashika. Mafuta ya nazi yasiingie kwenye mashine. Yanachacha na kunatisha vumbi. Maranda yaondoe kila jioni, kwa kuwa maranda mabichi hunyonya unyevu na kuuweka juu ya chuma usiku kucha. Funika kwa kanga kuukuu, si kwa nailoni, ambayo hukusanya jasho ndani. Wakati wa masika rudia nta kila wiki, na kwa aliye karibu na pwani aongeze pia miezi ya kusi, upepo unapobeba chumvi. Baada ya siku chache za kwanza za kazi, kaza upya bolti zote za miguu na za mota, angalia kama mkanda umelegea, na uguse kichwa kwa kiganja: beringi nzuri huwa vuguvugu. Ikiwa huwezi kuacha kiganja chako hapo, mkanda umekazwa kupita kiasi.